Alikwenda Kukagua Nyumba, Akafunga Maji ya Uchochoro Mzima

Saa mbili asubuhi, mwanamke mmoja amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko ambalo si lake. Ncha ya bisibisi ndefu ameigusisha kwenye bomba linalozama sakafuni, na mpini wake ameukandamiza sikioni. Amefumba macho. Nyuma yake mdogo wake amesimama, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Dada, tunainunua au hatuinunui?"

"Nyamaza nisikie."

"Umesikiliza tangu tufike."

"Na wewe umeongea tangu tufike."

Wateja wake humwita Sikio. Ni fundi bomba, umri wake miaka arobaini na saba, na bisibisi hiyo ndiyo humwonyesha maji yanakovuja kabla hajapiga nyundo ukuta wa mtu. Mwezi mzuri hupata kazi kumi na mbili. Mwezi mbaya hupata tatu, na kati ya hizo tatu, mbili ni za majirani wanaolipa kwa kushukuru.

Leo hakuitwa na mteja. Nyumba hii anataka kuinunua yeye mwenyewe pamoja na mdogo wake, anayefua mashuka hospitalini. Muuzaji, dereva mstaafu anayehamia kwa binti yake, amewapa mpaka jioni watoe jibu. Yupo mnunuzi mwingine, mfanyabiashara anayetaka kuibomoa ajenge ghala, na huyo hakagui chochote. Atakagua nini, wakati anataka kiwanja tu?

Nyumba yenyewe ni kongwe kuliko fundi anayeikagua. Ina vyumba viwili na sebule, mlango wa mbao wa mabawa mawili, na kuta nene ambazo siku hizi hakuna mwenye subira ya kuzijenga. Dirisha la jikoni linatazama uchochoro wa nyuma, mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule humwombea afya. Muhimu kuliko vyote, haina ngazi hata moja.

Ngazi ni habari nzito katika familia hii. Mama yao alipigwa na kiharusi mwaka juzi, na upande wake wa kulia ukawa mzito. Anatembea kwa mkongojo na kwa ubishi. Wanaishi watatu kwenye jengo la wapangaji, ghorofa ya pili, ambako watu wanajuana kwa vishindo vya milango tu.

Miezi michache iliyopita, mabinti wakiwa kazini, mama aliteleza bafuni. Alilala sakafuni mpaka jioni, yule mdogo mfuaji alipotoka zamu.

"Aliita," anasema Sikio. "Alituambia aliita mpaka sauti ikamkauka. Chumba cha jirani kiko palepale, ukuta mmoja. Redio ilikuwa inalia upande wa pili. Mtu alikuwemo." Anakung'uta vumbi magotini kwa nguvu kuliko vumbi lenyewe linavyohitaji. Bado ana hasira, wala haifichi.

Tangu siku hiyo wametazama nyumba saba. Tatu zilikuwa ghali, mbili zilikuwa na ngazi, moja ilikuwa na kesi mahakamani, na ya saba ndiyo hii. Wana akiba ya miaka tisa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Wakiiweka mahali pabaya, hawatapata nyingine mama akiwa hai. Hilo mdogo wake analijua, na ndiyo maana ana haraka. Sikio naye analijua, na ndiyo maana hana.

"Chelewa chelewa utakuta mwana si wako," mfuaji anamwambia.

"Haraka haraka haina baraka," anajibiwa.

Wamekuwa wakirushiana methali hizo tangu nyumba ya kwanza, na mwandishi wa simulizi hii, aliyepewa kazi ya kushika tochi, ameona heri asiongeze ya tatu.

Ukaguzi unaendelea. Sikio anapanda kwenye stuli kutazama dari, anagonga mbao kwa kifundo cha kidole, anafungua na kufunga kila dirisha. Anamwaga ndoo ya maji bafuni na kuhesabu kimoyomoyo mpaka yaishe. Bati zimeshika kutu pembeni lakini hazijatoboka. Choo kinavuta vizuri. Kila anapogusa kitu mdogo wake anamtazama usoni, kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma majibu.

Kisha wanafika ukuta wa nyuma, wa jikoni. Nyumba nzima rangi imechakaa, ila ukuta huu unang'aa. Sikio anapitisha kiganja taratibu, anakuta uvimbe mwembamba unaoteremka kutoka pembe ya dirisha mpaka chini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini ukikuta ufa umeshazibwa na muuzaji, tena juzi, na rangi haijamaliza kunuka.

"Mzee wangu," anaita, "huu ufa umeanza lini?"

Sauti ya mzee inatoka barazani. "Ufa gani, mwanangu? Nyumba ya zamani hiyo. Hata mimi nina mikunjo."

Wateja wake Sikio huwaambia wasinunue nyumba yenye ufa kabla ya kuleta mwashi. Yeye hakuleta. Alipoulizwa sababu alicheka kwa aibu kidogo. "Nikiona kitu kibovu mimi siogopi, najiona nimeshakitengeneza. Huo ndio ugonjwa wetu mafundi." Mganga hajigangi, ndiyo, lakini huyu hata joto lake hakupima.

Kinachofuata kingeweza kumtokea fundi bomba tu. Fundi bomba akiingia nyumba yoyote yenye tatizo la maji, mkono wake huenda wenyewe kwenye koki kuu. Haombi ruhusa, kama mpishi asivyoomba ruhusa ya kufunua sufuria. Mzee alikuwa amewaonya asubuhi, "Hiyo koki ya mbele msiiguse, imeshika kutu, itawakatikia mkononi." Lakini kumwambia fundi bomba kwamba koki imeshika kutu asiiguse ni kumwalika kabisa.

Sikio anakwenda mbele ilipo mita. Mabomba yote ndani yamefungwa, na bado sindano ya mita inazunguka, tena kwa kasi. Anakunja uso. Anaipaka koki mafuta, anaigonga pembeni kwa upole, anaikaza kwa spana. Inazunguka bila hata kulia. Kutu iko wapi?

Sindano inasimama.

"Kuna maji yanapotea humu ndani," anamwambia mdogo wake wakirudi jikoni. "Mengi. Siyo ya kudondoka, ni ya kumwagika."

Analala tena sakafuni. Hajamaliza hata kuweka sikio vizuri, kelele zinaanza uchochoroni.

Kwanza ni sauti moja ya mwanamke: "Nani kafunga?" Kisha ya pili, kisha milango inafunguka mmoja baada ya mwingine kama iliyoambiana. Ndoo zinagongana. Mwanamume mmoja anatokeza na taulo kiunoni na povu kichwani mpaka kwenye nyusi, anapapasa ukuta kwa mkono mmoja, anauliza kama dunia imefika mwisho.

Mbele ya wote yupo mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni. Ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, na uchochoro mzima humwita Mama Pacha. Anaingiza kichwa kwenye dirisha la jikoni na kumkuta mgeni amelala sakafuni na bisibisi.

"Wewe ndiye wa ghala?"

"Ghala gani? Mimi nakagua nyumba."

"Unakagua nyumba, unatukatia maji? Hujahamia ushaanza? Nina mteja wa sare za shule, nina watoto hawajaoga, na yule pale ana sabuni machoni!"

Sikio anasema siku hiyo alitukanwa matusi ambayo mengine hakuwahi kuyasikia hata kwenye maeneo ya ujenzi, na huko ndiko shule yake ilikuwa. Mdogo wake alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Sikio yeye aliinuka, akauliza swali moja tu.

"Maji yenu yanatoka kwenye mita hii?"

Kelele zilipungua. Watu walitazamana, kisha wote wakamtazama mzee, ambaye alikuwa amefika mlangoni mwa jiko na kikombe chake cha chai.

Habari yenyewe, ilipotoka, haikuwa ya wizi. Bomba la zamani la uchochoro liliharibika mwaka ambao wengine wa waliosimama pale walikuwa hawajazaliwa, na ofisi ya maji haikurudi kulitengeneza. Mke wa mzee, ambaye sasa ni marehemu, aliwaonea huruma majirani. Akaruhusu bomba lipitishwe chini ya jiko lake, litokee nyuma, liwalishe wote. Kila mwezi majirani huchangia ankara, na Mama Pacha ndiye hukusanya. Hakuna aliyeandikiana na mtu. Ilikuwa mdomo kwa mdomo, na mdomo mmoja ulishazikwa.

"Mzee, mbona hukutuambia?" mfuaji aliuliza.

"Hamkuniuliza. Mimi nilisema nyumba ina maji. Ina maji, haina?"

Wengine walicheka. Sikio hakucheka. Alifungua koki, maji yakarudi, mwenye povu akaenda zake. Kisha akawaomba jambo ambalo Mama Pacha alilipokea kwa mashaka: kila nyumba ifunge mabomba yake yote kwa muda mfupi, kwa hiari.

Mama Pacha alipita mlango kwa mlango akipaza sauti. Halafu watu wakaja mbele, wakaizunguka mita ile kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kioo chake kilikuwa na ukungu. Sikio alikipangusa kwa kidole gumba. Mabomba yote ya ndani yamefungwa, ya nje yamefungwa, hakuna anayetumia hata tone.

Sindano ilikuwa inatambaa. Polepole, lakini inatambaa.

"Limetoboka chini ya ukuta wa nyuma," Sikio alisema. "Udongo umelowa, msingi unakaa chini, ndiyo ukuta ukapasuka. Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, ankara mnayochangia, sehemu yake inanywewa na ardhi."

Mzee alitazama ndani ya kikombe chake. Kumbe ankara ilikuwa imepanda tangu mwaka jana na majirani walishaanza kushukiana, huyu akisema yule anafulia mji mzima, yule akisema huyu anauza maji kwa siri.

Dada hawa wawili walijitenga chumbani, mwandishi akabaki mlangoni na tochi ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Mfuaji ndiye aliyeanza, kwa kunong'ona.

"Si rahisi tu? Unaweka kizibo pale bomba linapoingia chini. Maji hayapiti, ukuta unakauka, wewe unauziba. Nyumba yetu."

"Na wao?"

"Wao waende ofisi ya maji kama watu wengine. Dada, sisi nani alituchangia? Mkataa pema pabaya panamwita. Jioni ikifika bila jibu, tumerudi kule kwenye ngazi."

Sikio alikaa kwenye ukingo wa dirisha. Uchochoroni watu hawakuwa wameondoka. Walisimama makundi makundi, wakizungumza chini chini, wakitazama dirisha.

"Hicho kizibo naweza kukiweka kabla hujamaliza kufunga mkoba wako," alisema hatimaye. "Lakini nikikiweka leo, kesho mama akianguka sisi tuko kazini, nani atamwinua? Huyu niliyemkatia maji?"

Mdogo wake alianza kulia. Si kwa sauti. Machozi tu, na hasira ndani yake. "Mimi ndiye nilimkuta sakafuni," alisema. "Siyo wewe. Mimi." Sikio alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na methali.

Walipotoka, Sikio alizungumza na uchochoro mzima pamoja. Bomba lazima litoke chini ya nyumba, alisema, la sivyo ukuta utaanguka na maji yatakwenda nao. Atalipitisha nje, kandokando ya ukuta. Kazi ya ufundi ataifanya bure. Mtaro wauchimbe wao, kila mtu mbele ya mlango wake, mabomba wachangie kama wanavyochangia ankara, na kila nyumba iwe na mita yake ndogo ili watu waache kushukiana.

"Na ukishanunua ukageuka?" Mama Pacha aliuliza. "Watu wakishapata hati huwa viziwi."

"Ndiyo maana nitaanza kabla sijanunua."

Mfuaji aligeuka ghafla. "Unatengeneza nyumba ya mtu? Akimuuzia mwingine je?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na lilimwangukia mzee. Wakati huohuo simu yake ililia mfukoni. Aliitoa, akaitazama, na kila mtu akajua ni nani anapiga. Iliita mpaka ikakata. Ikaanza tena. Mzee hakuipokea, lakini hakuizima pia.

"Yule wa ghala anaongeza," alisema taratibu. "Sitawadanganya. Anaongeza."

Mama Pacha alivua futi shingoni, akaiviringisha kidoleni, akaifungua. "Mzee," alisema, "mkeo alipoumwa, nani alimwogesha?"

Mzee aliinua uso kumtazama, kisha akauinamisha. "Nawapa mpaka wiki ijayo," alisema. "Akiuliza, nitamwambia nyumba imepata mwenyewe."

Kuahidi ni jambo moja, kuchimba ni jingine. Mwandishi aliporudi baada ya siku mbili alikuta mtaro umefika nusu ya uchochoro, umenyooka mbele ya milango ya wenye bidii na kupinda mbele ya milango ya wenye visingizio. Mwenye povu, ambaye sasa alikuwa amevaa nguo, alichimba mbele ya mlango wake na wa bibi wa jirani yake. Wawili walikuwa hawajachimba hata kijiko. Sikio hakuwachimbia, akaunga bomba mpaka kwenye mpaka wao, akalifunga kwa kizibo. Jioni hiyohiyo walitafuta jembe.

Baada ya bomba la zamani kufungwa, udongo chini ya ukuta ulianza kukauka. Safari hii Sikio alileta mwashi, rafiki yake wa kazi, ambaye alibandua rangi mpya yote, akaingiza vidole kwenye ufa, akasema ukuta unapona, mradi uwekewe nguzo mbili za saruji kabla ya mvua. Gharama hiyo mzee amekubali ipunguzwe kwenye bei.

Hapo ungedhani ukaguzi umekwisha. Sikio alisema bado. "Nimekagua bomba, mwashi amekagua ukuta. Lakini mimi sitashinda humu, nashinda kwenye nyumba za watu. Anayeshinda humu ni mama. Na yeye akague."

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi walimleta mama na mkongojo wake, wakamweka kwenye kiti cha mikono sebuleni, mzee akiwa amekwenda kupeleka mizigo yake kwa binti yake. Mama alitazama dari, akatazama kuta, akasema nyumba ina harufu ya mwanamume anayeishi peke yake. Walimwachia maji ya kunywa na chakula chake. Sikio alichungulia dirishani mara mbili kabla ya kuondoka. Mdogo wake alimwambia mama, "Ukiita, wapo," lakini alilisema kama mtu anayeuliza.

Siku hiyo Sikio alikuwa na kazi ya kufunga sinki mbili. Alifunga moja. Saa nane alimwomba mteja msamaha, akachukua mfuko wake wa spana, akatembea kwa mwendo ambao mwandishi alilazimika kuufuata kwa kukimbia kidogo.

Mlango wa mabawa mawili ulikuwa wazi.

Kiti cha mikono kilikuwa kitupu. Chakula kilikuwa hakijaguswa. Mkongojo ulikuwa chini, karibu na kizingiti cha jikoni, umelala upande.

"Mama!"

Aliingia chumba cha kwanza, cha pili, bafuni. Alisukuma mlango wa bafuni kwa bega kabla hata ya kujaribu kitasa. "Mama! Mama!" Alitoka kwa mlango wa jikoni, akaruka mtaro, akasimama katikati ya uchochoro akigeuka huku na huku na mfuko wa spana bado begani.

"Unapigia nani kelele?" sauti ilimjibu.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni kwa fundi cherehani, mguu mzito umewekwa juu ya kigoda, goti limefungwa kitambaa cheupe. Kwa mkono wake mzima alikuwa ameshika ncha ya pazia refu, na Mama Pacha ameshika ncha nyingine, na ilionekana wazi kwamba mama ndiye anayetoa amri.

"Ameanguka," Mama Pacha alisema haraka alipoona uso wa Sikio. "Tangu asubuhi, pale kwenye kizingiti. Ni goti tu, limechubuka. Nimelisafisha. Tukaona asirudi kukaa peke yake."

Sikio alishusha mfuko wa spana begani.

"Alilala chini muda gani?"

Mama Pacha alimtazama kama asiyeelewa swali.

"Muda gani vipi? Aliita mara moja tu."

Sikio aliketi chini palepale, kwenye udongo uliochimbwa, akalia mbele ya watu bila kufunika uso. Mama yake aliendelea kuvuta pazia linyooke. Jumatatu Sikio anakwenda kutia saini mkataba wa nyumba.